Hivi seli zetu zinashikana na nini, na zinajuaje zimshike nani?

#1 Mdadisi Sugu
Wakuu habari. Kuna kitu kimenikaa kichwani tangu nianze kusoma baiolojia ya ukuaji, nimeona nikilete hapa wajuzi wanifungue.

Mwaka 1907 H. V. Wilson alichukua sifongo wa baharini akamkamua kupitia kitambaa laini cha hariri mpaka akabaki na seli mojamoja zimetawanyika kwenye maji. Ungesema basi, sifongo kaisha. Zile seli zikaanza kutambaa, zikikutana zinagandana, vibonge vidogo vikaungana vikawa vikubwa, mwishowe akapata sifongo mzima mwenye mifereji yake. Halafu 1955 Townes na Holtfreter wakaja na viinitete vya amfibia, wakatenganisha seli za ngozi, za neva na za tabaka la kati, wakazivuruga ovyo kwenye chombo kimoja. Zikajipanga zenyewe! Ngozi nje, neva ndani, za kati zikakaa katikati.

Hoja yangu ni kwamba ramani ya mwili haipo popote, ni gundi tu. Seli ni matofali, jeni zinatengeneza saruji za aina tofauti, na kila saruji inagandana na mwenzake. Anayepinga aje na hoja. Nawasilisha.

#2 Kauzu
Kichwa cha uzi kimeniingiza chaka, nilijua ni mambo ya ndoa. Ila ngoja nikae pembeni, sifongo aliyekamuliwa na akarudi kanisimamisha.

#3 MzeeWaHadubini
Kijana, hiyo saruji iweke kando kwanza. Saruji inakaa nje ya tofali, ikikauka kazi imekwisha. Kwenye seli protini inayoshika imetoboa utando, upande mmoja uko nje umemshika jirani, upande wa pili uko ndani umefungwa kwenye nyuzi za seli yenyewe. Kwa hiyo ukivuta ngozi yako hapo ulipo huvuti gundi, unavuta mtandao wa nyuzi unaopita seli hadi seli.

Halafu sio kitu kimoja. Farquhar na Palade mwaka 1963 walitazama tishu za epithelia (zinazofunika ngozi na kuta za mirija) kwa hadubini ya elektroni wakakuta mpangilio uleule tishu baada ya tishu. Juu kabisa, karibu na uwazi wa mrija, kuna kiungio cha kubana, tando mbili zimekutana hadi maji hayapiti kirahisi. Chini yake kuna mkanda wa kushikia unaozunguka seli nzima, ndani umefungwa kwenye nyuzi za aktini zinazoweza kujikaza. Chini yake tena kuna desmosomu, hizi ni madoa madoa, zimefungwa kwenye keratini, na ndo zinazobeba mzigo mzito wa kuvutwa. Pale seli zinapokanyaga sakafu yao kuna hemidesmosomu, hiyo haimshiki jirani, inashika sakafu. Na mbali na hao wote kuna viungio vya kupitishia, vijitundu vya koneksini ambavyo ioni na molekuli ndogo, mpaka kama dalton 1000 hivi, zinapita moja kwa moja kutoka seli hii kwenda ile.

Sasa unaposema "gundi" unamaanisha ipi katika hizo?

#4 Binti Maabara
Nakazia kwa Mzee #3. Mimi kazi yangu ni kulea seli kwenye visahani, na hiki kitu nakiona kwa macho. Seli za MDCK (zilitoka kwenye figo ya mbwa mwaka 1958, mpaka leo dunia nzima inazilea) zikijaa kisahani zinakuwa zulia moja, huoni zinapoanzia wala zinapoishia. Sasa ondoa kalsiamu kwenye kimiminika chake halafu rudi kwenye hadubini. Mipaka inaanza kung'aa, zulia linachanika, kila seli inajikunja inakuwa duara peke yake. Rudisha kalsiamu, ndani ya masaa zimeshikana tena, na ukipima ukinzani wa umeme unaona unapanda maana milango inafungwa. Ukiziacha zaidi, zulia linainuka sehemu sehemu linafanya kuba, kwa sababu seli zinasukuma maji chini na maji hayana pa kutokea.

Kalsiamu ndo iliyomfikisha Masatoshi Takeichi kwenye kadherini, protini zinazoshikanisha seli kalsiamu ikiwepo. Alihama Kyoto akaenda maabara moja Marekani, seli zake zikagoma kugandana. Kumbe wenzake kule walikuwa wanachanganya trypsin (kimeng'enya cha kuachanisha seli) na EDTA, na EDTA inanyonya kalsiamu. Kero ya dawa ya kuoshea seli ikazaa ugunduzi, miaka ya 1970 hiyo, jina la kadherini lenyewe likaja 1984.

#5 Mdadisi Sugu
Shukrani Mzee na Binti. Kwa hiyo kadherini ndo gundi yangu. Na nimesoma ziko nyingi, E kwenye epithelia, N kwenye neva, P iligunduliwa kwenye kondo la nyuma. E inamshika E, N inamshika N. Si ndo jibu lenyewe hilo? Kila tishu na kufuli lake.

#6 Chemchem
Hapana mkuu, hapo umeruka. Malcolm Steinberg aliwaambia watu mapema miaka ya 60 kwamba makufuli tofauti hayahitajiki kabisa. Tishu ya kiinitete ina tabia ya kimiminika, seli zinateleza zinabadilishana majirani, na ile tishu ambayo seli zake zinashikana kwa nguvu zaidi inaishia ndani, iliyolegea inaifunika. Mafuta na maji tu, fizikia ya kidato cha pili tu.

Na alithibitisha. Mwaka 1994 yeye na huyohuyo Takeichi walichukua seli za L za panya ambazo hazina kadherini za kwao, wakazipa P-kadherini, kundi moja nyingi na jingine kidogo. Gundi ILEILE. Wakazichanganya, zenye nyingi zikaingia ndani zenye kidogo zikakaa nje. Kwa hiyo suala ni kiasi, aina ni ziada.

#7 Fizikia Tupu
Chemchem umeanza vizuri ukaishia njiani. Ni kweli tishu ina mvutano wa uso kama matone, ila nani kasema mvutano huo unatoka kwenye gundi? Albert Harris alishalipinga hili mwaka 1976. Seli ina gamba la aktini na miosini chini ya utando, linajikaza muda wote, na ukikaza gamba unapata mvutano bila kuongeza hata kadherini moja.

Mwaka 2008 kundi la kina Krieg wakapima kwa namba kwenye seli za samaki wa zebrafish wakati wa gastrula (hatua ambayo tabaka za kiinitete zinajipanga), wakagusanisha seli mbili mbili na ncha ya kifaa kinachopima nguvu ndogo sana. Seli za ektodamu (tabaka la nje) ndo zilikuwa zinashikana kwa UNYONGE kuliko wenzake. Steinberg angesema zitakaa nje. Zikaingia ndani! Kwa sababu gamba lake lilikuwa limekaza kuliko za tabaka nyingine. Sasa gundi iko wapi hapo?

#8 Chemchem
@Fizikia Tupu hiyo ni kwenye kisahani mkuu, ndani ya samaki mwenyewe ektodamu iko nje. Usitupige kamba. Ukilichukua hilo jaribio kama ushahidi inabidi ueleze pia kwanini kiinitete hai kinafanya kinyume chake.

#9 Fizikia Tupu
Ndani ya samaki kuna vitu vingine, kuna ule utando wa seli za juu unaofunika, kuna maji kati ya seli ambayo chumvi yake sio ya kwenye kisahani. Nilichosema ni kwamba nguvu ya kushikana peke yake imeshindwa kutabiri. Na 2012 wakapima tena, wakaona kadherini pale seli mbili zinapogusana mchango wake mkubwa ni KULEGEZA gamba la aktini eneo la mgusano, na kuunganisha magamba mawili yasiachane. Ile nguvu yake ya kuvuta yenyewe ni ndogo. Kwa hiyo hata hiyo kadherini mnayoiimba inafanya kazi kupitia mvutano.

#10 Nahodha Mstaafu
Naona mnabishana wawili mmesahau la tatu. Kuna mipaka kwenye kiinitete ambayo haitunzwi na kushikana, inatunzwa na KUFUKUZANA. Seli za upande mmoja zina vipokezi vya Eph, za upande wa pili zina efrini, protini inayovishika, zikigusana tu zinarudi nyuma. Sehemu ya nyuma ya ubongo wa kiinitete imegawanyika vyumba vyumba kwa mtindo huo, seli za chumba hiki hazivuki kwenda kile. Hapo gundi inaweza kuwa sawasawa pande zote na mpaka ukabaki.

#11 Kauzu
Kwahiyo tuna wa gundi, wa mvutano na wa kufukuzana. Mleta mada uliomba mwanga, umewashiwa taa tatu na kila moja inaangaza upande wake 😂

#12 Msomaji Kimya
Samahani kuwatoa kwenye viinitete. Huwa nasoma tu lakini leo niandike. Mama mdogo alianza na vidonda mdomoni, hali, hameza, hospitali ya kwanza wakampa dawa za fangasi, akarudi, wakampa tena zilezile. Miezi ikapita. Malengelenge yakatokea mgongoni na kifuani, laini, ukigusa tu yanapasuka na ngozi inabaki nyekundu mbichi. Daktari wa ngozi aliyempata baadae alisugua kidogo pembeni ya lengelenge, ngozi ikateleza ikatoka. Mwenyewe nilikuwepo, nilitamani nisiwepo. Wakakata kinyama, majibu pemfigasi. Daktari akatuonyesha picha, kila seli ya ngozi imezungukwa na mstari wa kijani, akasema hizo ni kingamwili zake mwenyewe zimekaa pale seli zinaposhikana. Nilikuwa sijui inaitwaje hiyo sehemu mpaka leo Mzee kwenye #3.

#13 Jongoo Mjini
Pole sana mkuu. Ila hiyo ni sumu imejaa mwilini inatafuta pa kutokea. Na pemfigasi na pemfigoidi ni kitu kimoja, majina tu ya madaktari.

#14 DoktaZamu
Msomaji Kimya, pole sana kwa mama mdogo. Kuanzia mdomoni na kuzungushwa ni hadithi ninayoisikia mara kwa mara kwa wagonjwa wa pemfigasi, mdomo ukiwa peke yake wengi hawafikirii ngozi.

Jongoo hapana. Sio kitu kimoja, na tofauti ni jengo lipi limeshambuliwa. Pemfigasi kingamwili zinapiga desmogleini, yaani kadherini za desmosomu, seli inaachana na JIRANI yake. Mpasuko uko ndani ya ngozi ya juu yenyewe na paa la lengelenge ni dhaifu, ndo maana linapasuka ukigusa. Pemfigoidi kingamwili zinapiga hemidesmosomu, seli zinabaki zimeshikana vizuri ila zote kwa pamoja zinang'oka kwenye SAKAFU. Paa ni ngozi nzima ya juu, lengelenge linakuwa gumu limejaa, linawasha, na wengi wao ni wazee. Matibabu yanafanana kiasi lakini mwendo wa ugonjwa tofauti, pemfigasi kabla ya dawa za steroidi iliua wagonjwa wengi sana. Siku hizi kuna rituximab inayopunguza seli zinazotengeneza hizo kingamwili, na imebadilisha mambo.

#15 MzeeWaHadubini
Dokta ongeza ile ya desmogleini 1 na 3, ni tamu.

#16 DoktaZamu
Hahaha sawa Mzee. Mdomoni desmogleini 3 imejaa ngazi zote, namba 1 ni kidogo. Kwenye ngozi namba 1 imeenea hasa juu, namba 3 iko chini chini. Sasa mgonjwa mwenye kingamwili za namba 3 tu anaumwa mdomo, ngozi inabaki salama maana namba 1 inashikilia. Mwenye kingamwili za namba 1 tu ngozi yake inabanduka juu juu na mdomo uko safi kabisa. Mwenye zote mbili anaumia kote. Na mtoto mchanga ambaye mama ana hiyo aina ya namba 1 kwa kawaida anazaliwa bila malengelenge ingawa kingamwili zimepita kondo, kwa sababu ngozi ya mtoto mchanga ina namba 3 mpaka juu.

Na bakteria wanaijua hii siri. Staphylococcus aureus ana sumu inayokata desmogleini 1 peke yake, unapata malengelenge ya impetigo kwa watoto, na ikisambaa ngozi inabanduka mwili mzima. Ukiweka chini ya hadubini inapasuka ngazi ileile ya juu.

#17 Chemchem
Dokta hiyo ya kufidiana ni nzuri kwa kufundishia ila haielezi kila kitu. Kuna ambao maeneo yanayopasuka hayaendani na kingamwili zao. Na swali kubwa zaidi ni kingamwili inaachanishaje? Inakaa kati ya mikono miwili iizuie isishikane? Au inaamsha ishara ndani ya seli? Maana wapo walioziba kimeng'enya cha p38 kwenye panya na malengelenge yakazuilika ingawa kingamwili ziko palepale zimekaa.

#18 DoktaZamu
Au desmogleini inavutwa ndani ya seli na kuliwa kasi kuliko inavyotengenezwa, hiyo ni ya tatu. Wengine wanasema zote zinatokea, moja inaanza nyingine zinamalizia. Kliniki hatuna anasa ya kusubiri mmalize ugomvi, tunashusha kingamwili.

#19 Msomaji Kimya
Asante Dokta. Yeye alikuwa na zote mbili, mdomo na ngozi, sasa naelewa. Anaendelea vizuri, anakula. Nimemsomea #16 kwenye simu akasema kumbe ana namba.

#20 Jongoo Mjini
Sawa tuache ngozi. Ila utumbo unaovuja mtakataa? Viungio vya kubana vinalegea, sumu inaingia kwenye damu, unapata uchovu, vipele, maumivu ya viungo, hasira. Kuna kipimo cha zonulini kabisa, protini inayosemwa kulegeza viungio hivyo. Na ninayo programu ya kuziba, anayetaka aje inbox.

#21 Kauzu
Nilikuwa nasubiri inbox. Haijawahi kuchelewa.

#22 Binti Maabara
Jongoo nusu yako iko sawa ndo maana inauzika. Utumbo kweli unaweza kupitisha zaidi ya kawaida, kwa wagonjwa wa siliaki (utumbo unaoumizwa na ngano) na Crohn (uvimbe sugu wa utumbo) inapimika, dawa za maumivu za jamii ya aspirini nazo zinaongeza. Gomvi ni kama kuvuja ndo chanzo au ni matokeo ya uvimbe uliopo tayari. Zonulini aliileta Alessio Fasano mwaka 2000, baadae ikatambuliwa kuwa ni umbo la awali la haptoglobini (protini ya damu), na vile vipimo vinavyouzwa vilipochunguzwa vikakutwa vinakamata protini nyingine. Dawa ya larazotide iliyokusudiwa kubana hivyo viungio kwa wagonjwa wa siliaki ilisimamishwa kwenye hatua ya tatu ya majaribio mwaka 2022. Sasa programu yako inaziba nini na umepimaje kama imeziba?

Na jambo jingine, kiungio cha kubana hakikuumbwa kuzuia kila kitu. Klaudini (protini zinazounda kiungio hicho) nyingine ni milango. Klaudini 2 inapitisha sodiamu na maji. Klaudini 16 kwenye figo ikiharibika mtu anapoteza magnesiamu kwenye mkojo. Ukiziba vyote unakufa, usipoziba pia unakufa, panya wasio na klaudini 1 wanafariki siku waliyozaliwa kwa kukaukiwa maji kupitia ngozi.

#23 Jongoo Mjini
Mbona kipindupindu kinafungua hivyo viungio na mtu anaharisha mpaka anaisha? Si ndo kuvuja huko?

#24 DoktaZamu
Maji mengi ya kipindupindu hayapiti kati ya seli kwa kuvuja, yanafuata chumvi. Sumu yake kuu inaingia ndani ya seli, inapandisha cAMP (molekuli ya ishara), milango ya kloridi inabaki wazi, kloridi inatoka, sodiamu na maji vinaifuata. Ni kweli bakteria huyo ana sumu nyingine ndogo iliyoonekana kulegeza viungio vya kubana, ndo huko Fasano alikoanzia, ila sio inayoua. Na seli zenyewe zinabaki zimeshikana na bado zinafyonza sodiamu ikija pamoja na glukosi, ndo maana maji ya chumvi na sukari yanaokoa mtu. Utumbo ungekuwa umechanika yale maji yasingefanya kazi hivyo.

#25 Mama Pacha
Jamani mimi nauliza, kwenye #3 Mzee kataja koneksini. Mwanangu mmoja alizaliwa hasikii, mwenzake anasikia, sisi wazazi wote tunasikia, watu wakasema mengi sana. Kipimo cha jeni kikatoka koneksini 26. Nikaambiwa ni sikio la ndani basi, sikuelezwa zaidi. Hicho kijitundu kinahusianaje na kusikia?

#26 MzeeWaHadubini
Mama Pacha shikamoo ya uvumilivu. Hakuna aliyekosea kitu. Nyie wawili kila mmoja ana nakala moja nzima na moja yenye kasoro, yeye kachukua zenye kasoro zote mbili, mwenzake hakuzichukua zote mbili. Ndo aina ya uziwi wa kurithi inayoongoza kwenye jamii nyingi duniani.

Kwenye konokono ya sikio, seli za nywele zinaingiza potasiamu kila sauti inapopiga. Potasiamu inatoka chini na lazima irudi juu. Seli za jirani zinazozisaidia zimeunganishwa kwa koneksini 26 na 30, na maelezo ya siku zote ni kwamba potasiamu inarudishwa kwa njia hiyo. Njia ikiziba betri ya sikio inakufa.

#27 Binti Maabara
Hayo ya potasiamu Mzee yanatajwa kila kitabu, ila kuna aina za koneksini 26 zenye kasoro ambazo ioni zinapita vizuri tu na bado mtu hasikii. Ndo maana wengine wanaelekeza kwenye molekuli za ishara kama IP3, wengine kwenye chakula cha seli yaani glukosi kutofika, na kwa panya kuna ushahidi kwamba konokono halikomai vizuri tangu mwanzo, kabla hata ya kusikia kuanza. Mama Pacha la kukupa moyo ni kwamba neva ya kusikia kwa kawaida iko salama, watoto wa koneksini 26 wanaowekewa kipandikizi cha konokono kwa kawaida wanafanya vizuri.

#28 Mama Pacha
Nimeelewa kuliko nilivyowahi kuelezwa. Asanteni.

#29 Mdadisi Sugu
Uzi umekua kuliko nilivyotegemea. Swali la haraka, kama E-kadherini ndo inashikilia epithelia, basi saratani inayosambaa ni seli zilizoacha kushikana, sio?

#30 DoktaZamu
Kwa baadhi ndiyo kabisa. Familia ya Wamaori New Zealand iliyokuwa inapoteza watu kwa saratani ya tumbo, mwaka 1998 ikagundulika wanarithi kasoro kwenye jeni ya E-kadherini, CDH1. Seli zinatawanyika mojamoja ndani ya ukuta wa tumbo bila kufanya uvimbe, kamera inapita haioni. Wenye jeni hiyo wengi hushauriwa waondoe tumbo kabla. Saratani ya matiti ya lobula nayo hivyohivyo, seli zinajipanga foleni moja moja.

Ila sio sheria. Saratani ya matiti ya kawaida, ya mirija, mara nyingi inasambaa E-kadherini ikiwepo, na 2019 kuna kundi lilionyesha kwa panya kwamba ukiitoa seli zinavamia zaidi lakini zinakufa njiani, vivimbe vya mbali vinapungua.

#31 Chemchem
Ndo pale hoja ya "kuachia ili kusambaa" inapoyumba. Kwenye kiinitete seli za kingo za mrija wa neva kweli zinaachia, zinasafiri, zinakwenda kuwa rangi ya ngozi na mifupa ya uso. Watu wakachukua picha hiyo wakaibandika kwenye saratani. Kuna wanaosema saratani inafanya nusu nusu, kuna wanaosema inasafiri kwa makundi yaliyoshikana. 2015 zilitoka tafiti mbili za panya zikisema kuachia huko hata hakuhitajiki, wapinzani wakasema alama walizotumia kufuatilia hazikamati wote. Bado wanarushiana.

#32 Kauzu
Moyo mbona hamjautaja? Unavutwa kila sekunde ule.

#33 MzeeWaHadubini
Umepiga penyewe leo. Moyo umejaa desmosomu, na ushahidi uko kisiwa cha Naxos, Ugiriki. Kuna familia kule watoto wanazaliwa na nywele za sufi, wakianza kutambaa na kusimama viganja na nyayo vinakuwa vigumu, wakifika ujana mapigo ya moyo yanavurugika na misuli ya moyo inageuka mafuta na makovu. Mwaka 2000 ikajulikana ni plakoglobini, protini ya ndani ya desmosomu. Nywele, kiganja, moyo, kasoro moja. Wengine wanasema seli zinang'oana kwa kuvutwa, wengine wanasema plakoglobini ikikosa pa kukaa inaingia kwenye kiini cha seli na kuvuruga amri za jeni.

#34 Binti Maabara
Nirudi kwa Chemchem #6 kabla uzi haujalala. Ulisema kiasi ndo kila kitu, aina ni ziada. Panya asiye na E-kadherini kiinitete chake kinashindwa kutengeneza lile tabaka la nje linalojipandikiza kwenye mfuko wa uzazi, anafia hapo. Sasa 2007 wakaweka N-kadherini mahali palepale pa jeni ya E, iamke wakati uleule. Seli zilishikana. Tabaka la nje la kueleweka halikupatikana, viinitete vikafa. Gundi ipo, kushikana kupo, tishu hakuna. Kwa hiyo aina ina maana yake.

#35 Chemchem
Hapo unazungumzia seli kujua juu na chini yake. Mimi na Steinberg tulikuwa kwenye nani akae ndani nani akae nje. Mada mbili hizo.

#36 Fizikia Tupu
Na hata kushikana huko kwa mwanzo, panya akiwa na seli 8 zinapojikusanya kuwa kibonge, walipima 2015 wakakuta kinachobadilika zaidi ni mvutano wa uso wa NJE wa seli, miosini inakaza. Nasema tena, gundi inaruhusu, gamba ndo linafanya.

#37 Mdadisi Sugu
Sasa mbona msibuni jaribio moja la kuwatenganisha? Nina nafasi ya mradi mdogo maabara.

#38 Binti Maabara
Chukua makundi mawili ya seli za L zenye kadherini nyingi na chache, zipime kabisa usikisie. Zichanganye, nusu ya visahani weka blebbistatin inayozima miosini. Zikijipanga vilevile bila miosini, Chemchem kashinda. Zisipojipanga, Fizikia.

#39 Fizikia Tupu
Halitenganishi. Ukizima miosini seli zinashindwa hata kutembea kupishana, kwa hiyo zisipojipanga hujui ni mvutano umekosekana au mwendo. Kina Krieg nao waliizima, na swali hilohilo linawahusu. Mpe muda wa kutosha na upime mwendo wa kila seli, vinginevyo Chemchem atakukataa asubuhi yake.

#40 Chemchem
Nitamkataa jioni hiyohiyo. Na asitumie seli za L peke yake, atafute na za kiinitete.